Mbwa wa Saba wa Pulimkadavu

Mdogo wangu Bhaskaran aliporudi kutoka Dubai na kujenga nyumba yenye simba wawili wa saruji getini, hakuna mtu hapa Pulimkadavu aliyefurahi kunishinda. Nilimbeba kiunoni huyo. Nilimfuta kamasi huyo. Siku alipopanda basi kwenda uwanja wa ndege nililia mpaka samaki wangu wakaniharibikia kichwani.

Lakini wale simba ndio walioleta balaa. Mtu akishakuwa na simba getini, haoni tena kwa nini dada yake, muuza ng'onda, ndiye asimame mbele ya mungu na watu siku ya sherehe. Baba yetu alikuwa mgema, na mnajua lisemwalo kuhusu mgema akisifiwa. Basi mtoto wa mgema akisifiwa, hutia maji hata kwenye damu.

Kwa Babu Muthappan, mungu wa hekalu letu, hakuna anayemtangulia mbwa. Waje mawakili, waje madaktari, aje bwana mkubwa na gari lake la vioo vyeusi, wote watasubiri. Ambu akishapakwa rangi usoni na kuvikwa taji, akishaacha kuwa Ambu mwandika mabango wa hapo stendi na kuwa Babu mwenyewe, tembo la mnazi humiminwa kikombeni mwake. Kikombe hicho hakiguswi mpaka samaki wa kwanza aingie kinywani mwa mbwa. Samaki huwekwa juu ya jani la mgomba, na jani hubebwa na mwanamke wa nyumba yetu, nyumba ya Kunnummal. Alilibeba bibi yangu, akalibeba mama, nami nimelibeba miaka ishirini na mitatu, tangu kabla mume wangu hajaanguka mnazini na baada ya kuanguka, mwaka wa mafuriko na mwaka wa ukame, magoti yakiwa mazima na sasa yakilia kama mlango mbovu.

Mwaka huu nilitaka kumkabidhi binti yangu Shimna. Kwetu nyumba hupita kwa mama. Mwanamume ni wa nyumba, lakini haibebi kwenda nayo. Sina shamba, sina simba. Nilichonacho cha kumwachia mtoto ni jani lile.

Wiki moja kabla ya sherehe kamati ikaniita barazani kwa hekalu. Mwenyekiti, Mwalimu Achuthan, alikuwa akijikuna kidevu na kuangalia juu. Nami nikaangalia juu. Paa jipya, vigae vyekundu. Nikajua ni nani aliyeliezeka.

"Dada Chirutha," Mwalimu akaanza, "kuna ombi limeletwa."

"Ombi halikuja na miguu yake, Mwalimu. Mletaji namwona pale nyuma ya nguzo. Bhaskaran, toka. Nguzo nyembamba hiyo, tumbo linaonekana."

Akatoka, na mkewe Sulochana nyuma yake, anajipepea kwa ncha ya sari.

"Wifi, usione vibaya," Sulochana akasema. "Tunakuonea huruma tu. Umri umekwenda, magoti hayo, na ile harufu…"

"Harufu gani, wifi? Ya magoti?"

"Ya samaki."

"Haya. Na mbwa atapewa nini, asumini?"

Kamati ikacheka. Bhaskaran akainua mkono kama askari wa barabarani. "Dada, tusigombane mbele za watu. Nyumba ya zamani inaanguka. Nyumba ya Kunnummal sasa ni ile yangu. Hata barua za hekalu zinaletwa kwangu."

"Zinaletwa kwako kwa sababu una sanduku la barua. Mimi kwangu hata mlango haufungi, tarishi akitaka anaingia mpaka jikoni."

"Basi jani libebwe na mke wangu. Sulochana ni mwanamke, na yuko Kunnummal."

"Yuko Kunnummal kama pazia lilivyo dirishani."

Hapo ikawa kelele. Mwalimu Achuthan alifundisha hesabu miaka thelathini na tano, na kelele za wajinga anazijua. Akangoja tuchoke, kisha akatoa hukumu. Siku ya sherehe yatawekwa majani mawili, la Sulochana na la kwangu, hatua tatu kati yake. Jani litakaloliwa kwanza na mbwa wa hekalu, nyumba yake ndiyo itakayobeba tangu siku hiyo hata milele. "Mbwa hajui paa ni la nani," akasema, na angalau aliona haya kidogo alipolisema. "Masharti mawili. La kwanza, hakuna kumwita mbwa. La pili, mkishaweka majani, wabebaji wote wawili wanyamaze. Hata neno moja lisitoke mpaka samaki amezwe. Atakayesema, ameshindwa."

Watu wote wakageuka kunitazama mimi.

"Mwalimu," nikauliza, "hilo la pili ni sharti au ni kifungo?"

Kesho yake Bhaskaran akaanza kampeni. Hekalu letu lina mbwa saba. Sita ni wanene kiasi chake, wakiongozwa na Kaisari, dume jekundu linalotembea kama diwani. Bhaskaran akawaletea biriani. Sisemi mabaki, nasema biriani ya kuku, sufuria zima, asubuhi na jioni. Akawaogesha kwa sabuni ya maji yenye picha ya msichana mwenye nywele ndefu. Siku ya tatu akitokea tu njiani, mbwa sita mbio kumlaki, mikia inazunguka, wananukia mawaridi. Mimi niko kwenye kibanda changu penye ngazi za hekalu, nafukuza nzi.

"Dada, unaona?" akaniambia akipita. "Wananijua kuliko wewe."

"Hata mimi ukinipa biriani kutwa mara mbili nitakujua, mdogo wangu."

Nilicheka, lakini usiulize moyo ulikuwaje. Mbwa wale niliwapa vichwa vya samaki miaka yote, na sasa Kaisari ananipita kama hatukuwahi kujuana.

Mbwa wa saba ni Chakki. Chakki ana sikio moja na nusu, na upara wa ukurutu mgongoni wenye umbo la embe. Siku tatu kabla ya sherehe akatoweka. Nilijua mapema kuliko watu wote, kwa sababu wiki tatu nyuma alikuwa amezaa watoto wanne chini ya kibanda changu, ndani ya kreti la samaki, na hakumwambia mtu ila mimi. Asubuhi ile nikawakuta wanalia, mama hayupo. Nikauliza stendi, nikauliza kwa kinyozi, nikamuuliza Ambu aliyekuwa juu ya ngazi yake anaandika tangazo la rangi za nyumba. Ambu humtupia Chakki ngozi za samaki kila siku. "Sijamwona," akasema, na brashi ikasimama hewani. "Huyo hawezi kuacha watoto."

Shimna akaja kwa basi kutoka mji wa Kannur, chuo cha uuguzi, na sindano yake isiyo na ncha. Tukawanyonyesha maziwa ya mbuzi, kichwa kimoja kimoja.

"Mama, tutashindwa, eeh?" akauliza, mtoto wa mbwa mweusi mwenye doa jeupe kapakatwa mapajani.

"Nani kakwambia?"

"Mama, huchambi watu tangu juzi. Nimeshapima joto, huna homa. Basi ni woga."

Mwenye kibanda cha samaki hushindwa na mengi, na jua, na mvua, na nzi, na nimezoea kushindwa na kuamka kesho yake. Ila hili nisingeamka nalo. Ningepita mbele ya hekalu kila siku ya maisha yangu nikiwa mtu wa pembeni, na Shimna pia, na binti wa Shimna pia.

Siku ikafika. Watu walijaa tangu saa nane mchana, wapiga picha wawili wa Bhaskaran wamepanda ukuta. Ngoma zikaanza. Ambu akatoka, uso mwekundu na mweusi, ndevu nyeupe, taji, upinde mkononi, bangili za miguuni zinalia. Alipokwisha kuzunguka mara tatu hakukuwa na Ambu tena. Mwalimu Achuthan mwenyewe, aliyemfundisha Ambu hesabu na kumchapa, alimwinamia mpaka miguuni.

Tembo likamiminwa. Povu likasimama. Tukaitwa.

Sulochana akaweka jani lake. Loo! Vipande vya nguru vilivyokaangwa kwa pilipili, bizari na vitunguu, vimepambwa kwa ndimu, tena ndimu imekatwa mfano wa ua. Mimi mwenyewe mate yalinitoka. Mimi nikaweka langu: ng'onda sita, waliokauka juani kwenye mkeka wangu, hawana hata aibu. Shimna alinishika kiwiko nikainuka. Tukanyamaza.

Mbwa sita walikuwa wamelala kivulini chini ya paa jipya.

Tukangoja.

Kaisari akainua kichwa. Umati ukavuta pumzi. Akaangalia jani la Sulochana, akaangalia langu, akapiga mbweu kama tajiri aliyetoka harusini, akalala tena upande wa pili. Hao wengine hata jicho hawakufungua. Mmoja alikoroma.

Hapo nikaona kosa la mdogo wangu, nikang'ata ulimi nisicheke. Siku sita za biriani! Aliwafundisha kumpenda, akasahau kuwabakishia njaa. Mtoto wa Kunnummal, aliyekulia ngazini pa hekalu hili, kasahau kwamba mbwa wa Babu huwekwa na nafasi tumboni.

Lakini kicheko kikanikauka. Mbwa asipokula, Babu hanywi. Babu asipokunywa, hasemi na watu. Na pale walikuwepo watu waliotembea siku nzima: mwanamke wa milimani mwenye mtoto asiyesimama, wavuvi, mzee mmoja na bahasha ya hospitali kifuani. Bhaskaran jasho linamtoka. Ngoma zikapungua, zikawa tap, tap, kama bomba bovu.

Babu Muthappan akainuka kwenye kiti chake. Akatembea taratibu mbele ya wale mbwa, anawanyooshea mshale mmoja mmoja, na sauti ile ya kuimba-imba.

"Mmoja. Wawili. Watatu. Wanne. Watano. Sita, wamekufa kwa shibe. Nina mbwa saba mimi. Wa saba mmempeleka wapi?"

Mimi nilikuwa na maneno mpaka kwenye kope, na sikuweza kutoa hata moja.

Babu akaenda moja kwa moja kwa Bhaskaran, akamshika kiganja, kama anavyowashika wote wenye shida. "Mjukuu wangu, mbona mkono una baridi na jua linawaka?"

Sijui aliyeuliza ni Ambu au ni Babu. Sijamuuliza, na simuulizi.

"Babu," Bhaskaran akasema, na sauti ilikuwa ile ya utotoni, ya siku alizoiba sukari guru, "nilimpeleka ng'ambo ya mto. Sokoni. Yuko kwa mtu ninayemfahamu, kamfunga kamba. Nilitaka kumrudisha kesho. Ana upara mgongoni, Babu, na kuna wapiga picha…"

"Aaa. Upara." Babu akainamisha taji lake. "Hata mimi humu ndani nina upara. Nami utanivusha?"

Umati ulilipuka kwa kicheko. Mwanamke wa milimani alicheka mpaka mtoto wake akacheka. Bhaskaran alicheka nusu, akalia nusu.

"Nenda kamlete," Babu akasema. "Kwa mikono yako. Mimi nakaa. Kiu ninayo, lakini nimeanza kuwa na kiu kabla babu yako hajajua kupanda mnazi."

Bhaskaran akaenda mbio kwenye gati, msuli wake mweupe kaukunja magotini. Tuliona mashua ikivuka mto, ikawa ndogo. Tukangoja. Watu wakaketi, wakagawana kunde za kuchemsha. Saa nzima na robo nilisimama bila neno, na watu wakaja mmoja mmoja kuniangalia kama anavyoangaliwa tembo wa maonyesho. Kinyozi alinisogelea, akaniambia, "Chirutha, mwaka jana uliniita wembe butu. Jibu sasa!" Nikamwandika kwenye orodha yangu ya moyoni.

Kisha mashua ikarudi. Ilikuwa na watu sita walioketi, mbwa mmoja aliyeketi na mtu mmoja aliyesimama. Kwenye kivuko chetu nafasi ya kwanza ni ya mbwa, na mwenye mashua hapigi kasia mpaka mbwa ametulia. Aliyesimama ni mdogo wangu, tope mpaka kiunoni, shati kalivua na kumfunika Chakki.

Akapanda ngazi akiwa amembeba. Alipofika mbele yangu akasimama. Kifua chake kilikuwa kimelowa, na hayakuwa maji ya mto. Yalikuwa maziwa.

"Dada," akasema polepole, "ana watoto. Sikujua. Wallahi… naapa kwa Babu, sikujua. Amekataa kula tangu nilipompeleka, siku tatu hizi. Dada, sema kitu."

Nilimtazama. Nilimfuta tope shavuni kwa kidole gumba, kama zamani. Kusema sikuweza.

Akamshusha. Chakki akapita jani la Sulochana bila kulitazama. Akapita na langu! Moyo wangu ukaangukia magotini, kwenye yale magoti mabovu. Akashuka ngazi mbio, akaingia chini ya kibanda, na tukasikia vilio vinne vikikatika, kimoja, kimoja, kimoja, kimoja.

Sulochana akafungua mdomo, akakumbuka sharti, akaufunga.

"Acheni," Babu akasema. "Watoto kwanza. Hata mimi nina mama, na ameniacha na kiu mara nyingi."

Tukangoja tena, watu mamia, mungu mmoja, na kikombe kimoja cha tembo lililokwisha povu, mbwa mwenye ukurutu anyonyeshe. Wapiga picha walisahau kupiga picha.

Akatoka. Miguu inatetemeka, mbavu zinahesabika, na kila mtu sasa aliona nilichokuwa nakijua peke yangu: mama anayenyonyesha hajui kushiba. Nami nilikuwa mmoja wao nilipomnyonyesha Shimna. Nilikula ubao wa mlango kwa macho. Akapanda ngazi. Akafika kwenye jani la Sulochana, akanusa nguru, pilipili ikampata puani. Akapiga chafya. Akanusa ndimu. Akapiga chafya ya pili, iliyompeleka hatua moja nyuma.

Hatua ya pili akaigeuzia kwenye ng'onda wangu.

Hakunusa. Alimng'ata wa kwanza kichwa na mkia, krach, na koo likapanda na kushuka mbele ya watu wote.

"Amemeza!" Mwalimu Achuthan akapiga kelele, kofia yake ikaruka. "Amemeza! Kunnummal ya Chirutha!"

Nasikia ngoma zile zilisikika mpaka ng'ambo. Wanawake walipiga vigelegele, wavuvi walinyanyuana, yule mzee akapeperusha bahasha ya hospitali kama bendera. Kaisari aliamka akabweka asijue kwa nini. Babu Muthappan akanyanyua kikombe, akanywa mpaka tone la mwisho, akapangusa ndevu nyeupe na kutoa sauti ya mtu aliyefika nyumbani.

Kisha wote wakanyamaza. Walikuwa wanangoja neno langu la kwanza, na kinyozi alikuwa ameshaanza kurudi nyuma.

Nilikuwa nimelihifadhi. Niliyafikiri mengi katika ile saa na robo, mengine matamu sana, ya simba na ya mapazia. Lakini Chakki alikuwa amemaliza, analamba jani mpaka linateleza sakafuni, na macho kanikazia mimi.

"Shimna," nikasema, "lete jani la pili. Bado ana njaa."

Shimna alielewa. Akajifunga sari vizuri, akapanga ng'onda, akaliinua jani juu ya viganja viwili kama mama yangu alivyoliinua, akapita katikati ya watu waliompisha bila kuambiwa. Babu akamsindikiza kwa kumwagia mchele kichwani. "Mbebaji wangu mpya," akasema, "anatembea vizuri. Yule wa zamani alikuwa anatembea huku anasengenya."

"Babu, nilikuwa nasali!"

"Ulikuwa unasali kwa majina ya watu."

Jioni, watu wakinywa chai ukumbini, Bhaskaran akaja akaketi karibu yangu chini ya paa lake. Bado ana tope. Tulikula kunde na nazi kwenye jani moja. Alikaa kimya muda mrefu, na mimi nikamwachia, maana nilikuwa nimeshajua kwamba kunyamaza hakuui.

"Dada," akasema mwishowe, "yule mweusi mwenye doa. Ana mwenyewe?"

"Kamuulize mama yake. Ila uende na ng'onda, usiende na biriani."

Sulochana, nyuma yetu, akaguna. "Haya, aje. Ila asikojolee simba wangu."

"Wifi," nikamwambia, "hao simba wamekaa getini mwaka mzima hawajawahi kumbwekea hata paka. Waache angalau wapate faida ya mvua."

Alicheka. Naapa kwa Babu, wifi yangu alicheka, kunde zikamtoka puani.